TAHARIRI: MIZANI YA ALAMA KATIKA VYUO VYA UUGUZI



Kila mwaka parokia zetu hupata habari ya furaha: vijana wa Jumuiya fulani wamechaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi. Wazazi huuza ng'ombe au magunia ya mahindi ili wapate ada, ndugu huchanga, na wanajumuiya huwasindikiza kwa sala. Lakini baadhi ya vijana hao huonekana tena nyumbani kabla ya miaka mitatu ya stashahada kwisha, hawana cheti wala kazi, na familia zao zina madeni. Watu husema kwa sauti ya chini kwamba "wameshindwa", na mazungumzo hukomea hapo.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani twaona kwamba yasikomee hapo. Kushindwa mtihani ni jambo la kawaida katika maisha ya shule. Si dhambi, wala peke yake si dhuluma. Lakini neno hilo moja hufunika mambo ya namna mbalimbali. Yupo aliyepimwa kwa haki akaonekana hafai kwa kazi hii. Yupo pia aliyepimwa kwa mizani iliyopinda, akaondolewa kwa sababu zisizohusiana na uwezo wake wa kumhudumia mgonjwa. Ni wajibu wa haki kuwatofautisha watu hao wawili.

Tuseme wazi tangu mwanzo, ili tusieleweke vibaya: hatuombi alama za kufaulu zishushwe. Tunaomba mizani yenyewe iwe ya kweli, na anayepimwa asaidiwe kabla ya kuhukumiwa.

UKALI UNAOMLINDA MGONJWA

Ziko kazi ambazo kosa la leo hurekebishwa kesho. Mwalimu aliyekosea tarehe ubaoni huifuta na kuandika upya. Muuguzi hana nafasi hiyo kila mara. Tuchukue hesabu ndogo ya kila siku wodini. Mtoto mwenye uzito wa kilo 10 ana homa, naye ameandikiwa parasetamoli kwa kipimo cha miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Anahitaji basi miligramu 150. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5; kwa hiyo apewe mililita 6 na robo. Hesabu hii haizidi ile ya shule ya msingi. Hata hivyo muuguzi anayeweka nukta mahali pasipo pake humpa mtoto mara kumi ya kipimo, au sehemu moja tu ya kumi ya kile anachohitaji. Kwa dawa nyingine kosa la namna hiyo huua upesi. Mama mwenye kifafa cha mimba hupewa magnesiamu salfeti. Dawa hiyo huokoa maisha, lakini ikizidi yaweza kumzuia kupumua. Dawa ya kuongeza uchungu ikitolewa pasipo uangalifu yaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Kwa hiyo mkufunzi anayekataa kumpitisha mwanafunzi asiyeijua hesabu ya dawa hamwonei. Anamtetea mtu asiyekuwamo darasani, yaani mgonjwa. Na mgonjwa huyo aghalabu ni maskini. Mwenye fedha asiporidhika na huduma huenda hospitali nyingine; mama wa kijijini aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hana wa kumtegemea ila muuguzi mmoja wa zahanati. Kumpelekea mama huyo muuguzi asiyeiva, eti kwa kumhurumia mwanafunzi, ni kumdhulumu maskini kwa jina la huruma.

Nchi yetu ya Tanzania imeona matunda ya mafunzo mazuri. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/2016 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 walikufa akina mama 556 kwa sababu za uzazi; utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Sababu za mabadiliko hayo ni nyingi, lakini nani atakana kwamba mkono wa mkunga na muuguzi aliyefunzwa vema umo ndani yake? Ndiyo maana mhitimu wa chuo hupaswa bado kufaulu mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kabla ya kukabidhiwa maisha ya watu. Mlango huo ni wa lazima, nasi tunauheshimu.

MIZANI INAPOPINDA

Pamoja na hayo, ukali na haki si kitu kimoja. Mizani yaweza kuwa kali sana na bado ikadanganya, ikiwa inapima jambo jingine lisiloandikwa juu yake. Tuangalie mahali ambapo hilo hutokea.

Kwanza ni lugha. Wengi wa vijana wetu walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakaingia sekondari wakakuta Kiingereza, na wakafika kidato cha nne bila kukimudu. Chuoni wanakutana na vitabu vya maumbile ya mwili na vya dawa, vyote kwa Kiingereza. Binti anayeweza kumweleza mama mjamzito dalili zote za hatari, kwa utaratibu na kwa maneno yanayoeleweka, huandika nusu ukurasa tu katika mtihani. Hatusemi Kiingereza kiondolewe. Maandishi ya chupa za dawa yako kwa lugha hiyo, na muuguzi asiyeisoma ni hatari. Tunasema kwamba chuo kinachompokea kijana huku kikijua udhaifu wake wa lugha kina wajibu wa kumfundisha lugha hiyo katika miezi ya kwanza, badala ya kungoja mtihani ufichue kile kilichokuwa kinajulikana tangu siku ya usajili.

Pili ni fedha. Hutokea mwanafunzi akazuiwa kuingia katika chumba cha mtihani kwa sababu ya deni la ada. Baadaye jina lake hukutwa kati ya waliokosa alama, na mwisho wa yote huhesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Sifuri ya namna hiyo imepima mfuko wa baba yake. Ujuzi wake haukupimwa kabisa. Yuko na mwingine aliyeruhusiwa kufanya mtihani, lakini anaishi katika chumba cha kupanga kisicho na umeme, anapika mwenyewe, anatembea hadi hospitali kwa zamu ya usiku, na asubuhi yake ana jaribio. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo imefungua mlango kwa wanafunzi wa stashahada katika fani teule, zikiwamo za afya. Tunaishukuru Serikali kwa hatua hiyo. Hata hivyo familia nyingi bado zinabeba mzigo zenyewe, na wengi hawajui hata namna ya kuomba.

Tatu ni kanuni zisizojulikana. Kanuni inayotangazwa baada ya mtihani ni mtego. Mwanafunzi aliyeanza mwaka akiambiwa kiwango kimoja cha kufaulu, akakikuta kimebadilishwa katikati ya safari, amevunjiwa ahadi. Vivyo hivyo alama za mafunzo kwa vitendo wodini: zikitolewa bila vigezo vilivyoandikwa, mwanafunzi hubaki mikononi mwa hisia za msimamizi wa siku ile. Anayenyenyekea sana hupewa nyingi, anayeuliza maswali hupewa chache. Na panapokuwa na uwezo wa kutoa alama bila kuulizwa, hapo hapo huingia rushwa, ikiwamo ile ya ngono inayowaangamiza mabinti zetu. Tume hii haiwezi kulinyamazia jambo hilo.

Nne ni wakati. Wanafunzi wenyewe wana maneno yao: mtihani wa marudio huuita "sapu", na kuondolewa masomoni huita "kudisko". Maneno hayo ya utani yanaficha hofu kubwa. Mara nyingi matokeo ya majaribio huchelewa, na mwanafunzi hupata habari ya udhaifu wake wakati nafasi ya kuurekebisha imekwisha pita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayeshindwa hesabu ya dawa katika mwezi wa pili anaweza kufundishwa kwa wiki tatu. Akiachwa hadi mwisho wa mwaka, hesabu hiyo imekwisha kuvuta pamoja nayo masomo mengine matatu.

Tano, na hili ni zito kuliko yote, ni jina la chuo. Tuseme chuo kimepokea wanafunzi 100. Njiani kikawaondoa 40, kikawapeleka 60 kwenye mtihani wa leseni, na wote 60 wakafaulu. Chuo kitatangaza ufaulu wa asilimia mia moja, na mwaka unaofuata waombaji watajaa mlangoni. Lakini kwa wazazi waliowapeleka watoto wale 100, hesabu ni nyingine. Wale 40 walilipa ada, tena pengine ya miaka miwili. Kama walikuwa hawawezi kabisa, kwa nini walipokewa? Kama walikuwa wanaweza, nani aliwafundisha? Chuo kinachopokea wengi kuliko kinavyoweza kufundisha, kikategemea ada zao, kisha kikawapunguza kwa alama ili kulinda sifa zake, kimewatumia vijana hao kama chombo.

Kishawishi hicho hakiko kwetu tu. Huko Marekani shule nyingi za uuguzi hudai alama kati ya 75 na 80 kwa mia ili mwanafunzi afaulu somo, na bodi zinazosimamia uuguzi katika majimbo huzitazama shule kwa kiwango cha wahitimu wao wanaofaulu mtihani wa leseni mara ya kwanza. Ikawa baadhi ya shule huweka mtihani wa ziada mwishoni, hata mwanafunzi aliyefaulu masomo yote akaweza kuzuiwa kuhitimu kwa ajili ya karatasi hiyo moja. Mwaka 2012 chama cha waelimishaji wa uuguzi cha huko, National League for Nursing, kilitoa miongozo ya upimaji wa haki, kikihimiza kwamba uamuzi mzito juu ya mwanafunzi usitegemee mtihani mmoja peke yake. Ikiwa nchi tajiri imeliona tatizo hilo na kulisema, sisi tusione haya kulisema.

Hasara yake haiishii kwa mwanafunzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi wapatao milioni 5.8, na bara letu la Afrika ni miongoni mwa sehemu zenye pengo kubwa. Kila kijana aliyeweza kuwa muuguzi mwema akapotezwa njiani kwa uzembe, ni kitanda kimoja zaidi cha mgonjwa kisicho na mtu wa kukisogelea.

NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Torati ya Musa, katika Kitabu cha Walawi sura ya 19, inaweka pamoja mambo mawili ambayo sisi hupenda kuyatenganisha. Inamwamuru mwamuzi asimpendelee mkubwa, na pia asimpendelee mtu kwa sababu tu ni maskini. Kisha katika sura hiyo hiyo inadai mizani ya haki na vipimo vya haki sokoni. Mungu hataki tumpe maskini alama asizostahili. Anataka jiwe la mizani liwe na uzito ule ule kwa wote, na liwe la kupimia kitu kinachouzwa kweli.

Bwana wetu naye, katika Injili ya Luka sura ya 13, anatupa mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe, kwa kuwa amekuja kutafuta matunda miaka mitatu asipate. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, apate kuupalilia na kuutia mbolea. Tutazame vema anachofanya mtu huyo. Hasemi kwamba mti si lazima uzae. Wala hayaiti majani matunda. Anakubali hata kwamba baadaye waweza kukatwa. Lakini kwanza anajiuliza kama udongo umelimwa na mbolea imetiwa, na jembe analishika yeye mwenyewe. Mkufunzi Mkristo ni mtunza shamba wa namna hiyo. Kabla ya kutia sahihi barua ya kumwondoa mwanafunzi, na aweze kusema mbele ya Mungu: nilipalilia, nilitia mbolea.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Malezi ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba watu wote, kwa kuwa wana hadhi ya binadamu, wana haki ya kupata elimu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere katika Elimu ya Kujitegemea alionya tusiutukuze mtihani wa kuandika kupita kiasi, kwa kuwa haupimi tabia ya mtu wala utayari wake wa kuwatumikia wengine. Onyo hilo lafaa sana kwa uuguzi. Upole kwa mgonjwa anayenuka, uaminifu wa kuandika kipimo cha kweli hata kama zamu imekwisha, ujasiri wa kumwita daktari usiku: mambo hayo nayo yapimwe, yapimwe kwa vigezo vilivyoandikwa, na yawe na uzito wake katika hesabu ya mwisho.

Na Kanisa si mtazamaji wa mbali. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na pamoja na Habari Njema walileta huduma kwa wagonjwa. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa Mwanza mwaka 1971. Mwaka 1992 Makanisa na Serikali walitia sahihi Hati ya Makubaliano juu ya huduma za jamii. Majimbo yetu kadhaa yanamiliki vyuo vya uuguzi, na katika bodi zake wamo mapadre, watawa na walei wetu. Tunapozungumzia mizani, basi, tunazungumzia vitu vilivyomo nyumbani mwetu.

TUFANYE NINI?

Kwa vyuo vyetu vya Kanisa tunapendekeza haya:

(a) Kanuni zote za alama, marudio na kuondolewa masomoni zitolewe kwa maandishi siku ya usajili, zifafanuliwe kwa Kiswahili mbele ya mzazi, na zisibadilishwe kwa wale waliokwisha kuanza.

(b) Jaribio la kwanza la hesabu za dawa na la lugha lifanyike katika wiki sita za mwanzo. Atakayeonekana dhaifu apangiwe mkufunzi wa kumsaidia, na jambo hilo liandikwe.

(c) Deni la ada lidaiwe kama deni kwa mapatano na mzazi. Lisigeuzwe kuwa alama.

(d) Mwanafunzi awe na haki ya kuiona karatasi yake iliyosahihishwa na kukata rufani, na rufani isisikilizwe na yule yule aliyesahihisha peke yake.

(e) Kila chuo kitoe taarifa kwa jimbo kila mwaka: wangapi waliingia, wangapi walimaliza, wangapi waliondoka na kwa sababu gani. Asilimia ya waliofaulu isitajwe bila hesabu hiyo.

Kwa parokia, tunaomba Halmashauri ya Walei iwe na orodha ya wanafunzi wake walioko vyuoni. Wapo kati yetu wauguzi wastaafu wenye ujuzi wa miaka thelathini, ambao wangeweza kukaa na vijana wakati wa likizo na kuwafundisha hesabu za dawa. Wapo wanaofahamu taratibu za mikopo. Akina mama wa WAWATA walioko karibu na chuo wanaweza kumpata mama mwaminifu wa kumpangisha binti chumba chenye taa. Mambo haya hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo.

Kwa wazazi, tunasema: msimlazimishe mtoto kuingia katika uuguzi kwa sababu tu mmesikia kwamba kuna ajira. Kazi hii ni wito. Mtoto asiyevumilia kuona kidonda hana lawama, na ana nafasi yake kwingine.

Kwenu ninyi wanafunzi, tunasema kwa upendo: ombeni msaada mapema, msingoje sapu. Na anayenunua mtihani uliovuja ajue anamwibia mgonjwa ambaye bado hajamwona. Hawezi kudai mizani ya haki huku akiweka kidole juu yake.

Mwisho, yuko yule aliyekwisha kurudi nyumbani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kwetu kumpita njiani na kumwona mvivu. Tumtembelee. Tumwulize kwa upole ni nini kilitokea. Ikiwa alidhulumiwa, Tume ya parokia imsaidie kuandika barua kwa chuo, na ikibidi kwa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, ambalo ndilo linalosimamia vyuo hivyo. Ikiwa alishindwa kwa haki, bado ni ndugu yetu, na ziko njia nyingine za kumtumikia Mungu na watu wake. Asibaki peke yake na neno lile moja.

Maswali ya kujadili katika Jumuiya Ndogo Ndogo:

1. Je, katika Jumuiya yetu yuko kijana aliyeacha chuo cha uuguzi au chuo kingine? Tunajua kweli sababu yake?

2. Tukiugua sisi au watoto wetu, tungependa muuguzi apimwe kwa ukali gani? Je, tunawatakia maskini muuguzi wa namna hiyo hiyo?

3. Ni jambo gani moja ambalo Jumuiya yetu inaweza kulifanya kabla ya muhula ujao kuanza, ili mwanafunzi wetu mmoja amalize masomo yake?